Siku Moja Bukoba, Kati ya Meli na Meli

Ndugu msomaji, wewe ambaye hupata siku chache tu za likizo kwa mwaka, bila shaka umewahi kujiuliza utawapeleka wapi watoto wako ili waione nchi yao pasipo kuumaliza mshahara. Wengi wetu hudhani kwamba kutembelea miji ya watu ni kazi ya wageni wenye kamera shingoni. La hasha! Leo naomba ufuatane nami katika safari ya usiku mmoja wa kwenda, mchana mmoja wa kutembea, na usiku mmoja wa kurudi. Ni safari ya meli kutoka Mwanza hadi Bukoba, niliyoifanya mwezi Juni mwaka 2021 pamoja na binti yangu, aliyekuwa wakati huo darasa la sita.

Yafaa kwanza ujue tunakotoka. Sisi wa Bariadi ni watu wa nchi kavu. Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuunganisha wilaya zilizokuwa za Shinyanga na eneo la Busega lililokuwa la Mwanza. Pamba ndiyo hutusomeshea watoto na kutuezekea nyumba. Kiangazi kikifika mito hugeuka njia za mchanga, na akina mama huufukua mchanga huo kwa bakuli wakitafuta maji ya kunywa. Mtoto aliyekulia hapo, ukimwambia kwamba yapo maji ambayo ng'ambo yake haionekani kwa macho, hukutazama kama mtu anayesimulia hekaya. Ilhali wilaya yetu ya Busega inapakana na Ziwa Victoria, na Mto Simiyu, uliolipa jina mkoa wetu, humwaga maji yake katika ziwa hilo hilo. Tu watu wa ziwa pasipo kujijua.

Hata hivyo, nyumbani kwetu ziwa lilikuwa neno zito. Kaka yangu mkubwa, kifungua mimba wa mama, alisafiri mwezi Mei mwaka 1996 kupeleka choroko Bukoba, kwa nia ya kurudi na ndizi na kahawa. Alipanda meli ya M.V. Bukoba kurejea Mwanza. Asubuhi ya tarehe 21 Mei, ikiwa imekaribia kufika, meli hiyo ilipinduka na kuzama. Ilikuwa imetengenezwa kuchukua abiria 430, lakini waliopoteza maisha walizidi 800. Taifa zima liliomboleza kwa siku tatu. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 12. Tangu siku ile mama alipiga marufuku: hakuna mtoto wake atakayekanyaga tena ubao wa meli.

Kwa miaka 25 marufuku hayo hayakuvunjwa. Ndipo binti yangu alipofundishwa shuleni habari za Ziwa Victoria, kwamba ndilo kubwa kuliko yote barani Afrika, lenye zaidi ya kilomita za mraba 68,000, akaanza kunisumbua nimpeleke akalione na kupanda meli. Nikaona hapana budi nizungumze na mama. Nilimkuta uani akipepeta mtama.

"Mama," nilimwambia, "mjukuu wako anataka kuona meli."

Aliendelea kupepeta, kisha akasema bila kuinua macho, "Ziwa limekwisha kuchukua mmoja. Unataka kuliongezea?"

Nikakosa la kujibu. Binti yangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, ndiye aliyeuliza, "Bibi, huko Bukoba baba mkubwa alikokwenda, kukoje?"

Mama aliuweka ungo chini. Nadhani katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza swali kama hilo. Sote tulikuwa tukiuliza habari za kuzama tu. "Sijui, mjukuu wangu," alijibu. "Hakurudi kunisimulia."

Jioni ile, tulipokwisha kula, alitoa ruhusa yake kwa maneno machache. "Nendeni. Mkaone alichokiona, mje mnisimulie. Na wewe mwanangu, ukifika huko uulize kama jina lake liliandikwa mahali popote."

Hivyo ndivyo tulivyoondoka, tukiwa na mzigo mdogo mkononi na mzigo mkubwa moyoni.

Basi letu lilishika barabara ya lami kutoka Bariadi hadi Lamadi. Hapo Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, barabara hukutana na ile itokayo Musoma, na msafiri hugeuka kushoto kuelekea Mwanza. Binti yangu aliliona ziwa kwa mara ya kwanza kupitia dirishani, akanyamaza kimya. Tulivuka Mto Simiyu upande wa Magu, tukapita Kisesa, jirani na Bujora ilipo makumbusho ya utamaduni wa Wasukuma, na hatimaye tukafika Igoma.

Igoma ndipo walipozikwa wengi wa wale waliopotea katika M.V. Bukoba, na hapo pana mnara wa kumbukumbu. Tulishuka. Hatukujua kaka yangu yuko chini ya kaburi lipi, wala kama yupo hapo kabisa, kwa kuwa mwili wake haukutambuliwa. Binti yangu aliniuliza asimame upande gani. Nikamwambia asimame popote. Tukakaa dakika chache, kisha tukapanda daladala kwenda mjini.

Ndugu msomaji, Mwanza peke yake ni mji wa kutazamwa siku nzima. Ni mji uliokalia mawe. Wajerumani waliufanya kituo chao mwaka 1892, na reli ya kutoka Tabora iliufikia mwaka 1928. Kabla ya hapo mazao mengi ya huku kwetu yalisafirishwa kwa meli hadi Kisumu, kisha yakapanda treni hadi Mombasa. Kumbe pamba ya babu zetu ilijua njia ya majini kabla yetu! Ukisimama ufukweni utaliona lile jiwe maarufu liitwalo Bismarck, lililosimama majini juu ya wenzake kama mtu aliyepanda kiti ili aone mbali, na mbele kidogo kisiwa cha Saanane, ambacho tangu mwaka 2013 ni hifadhi ya taifa.

Bandarini tulikata tiketi ya M.V. Victoria. Meli hii ina historia yake: ilitengenezwa Uskochi, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kisumu, ikaunganishwa huko na kuanza kazi mwaka 1961. Baada ya kusimama kwa miaka kadhaa ilikarabatiwa upya na kurudi majini mwaka 2020. Karani wa tiketi aliniomba kitambulisho, akaandika jina langu, kisha akauliza jina la mtoto na umri wake. Binti yangu alijitaja herufi kwa herufi, ingawa jina lake si gumu, na hakubanduka dirishani mpaka alipoona limeandikwa sawasawa.

Tulipokwisha kupanda, nilifanya jambo ambalo nakusihi nawe ulifanye kabla hujatafuta mahali pa kuweka mizigo. Nilimwonyesha mwanangu yalipowekwa majaketi okozi, namna ya kulivaa, na mlango wa kutokea ulio karibu na viti vyetu. Jirani yetu alicheka, akasema tunajitabiria mabaya. Sikumjibu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi mkuu wetu alikuwa nyumbani akitungoja.

Meli iling'oa nanga usiku. Taa za Mwanza zilipanda vilimani kama moto wa wachungaji, zikapungua, zikazama nyuma ya mawe. Baadaye hapakuwa na kitu ila giza, upepo wa baridi na mngurumo wa injini chini ya miguu. Binti yangu alilala mapema. Mimi sikulala. Nilikuwa nahesabu kila mtikisiko, na kila meli ilipoinama kidogo nilishika ukingo wa kiti. Siyo aibu kukiri hofu, ndugu msomaji. Aibu ni kuwarithisha watoto hofu pasipo kuwaeleza sababu yake.

Alfajiri tulipita Kemondo, na jua lilipochomoza tulikuwa Bukoba. Lo! Aliyezoea mbuga za Bariadi, ambako nyumba ya jirani huonekana toka mwendo wa nusu saa, hawezi kuamini macho yake. Nchi yote ni kijani. Vilima vinashuka hadi majini vikiwa vimevaa migomba, na nyumba zimejificha ndani yake, hata moshi wa jikoni tu ndio hukuambia kwamba hapo pana watu. Mbele ya mji kimesimama kisiwa cha Musira, cha mawe, chenye kingo za wima. Juu ya bandari kuna kilima cha Bunena na kanisa lake. Hapo ndipo tulipoanzia, kwa sababu mgeni hufanya vyema kupanda mahali pa juu kwanza, auone mji wote, ndipo ashuke kuutembea.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1890 na Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa akiitumikia serikali ya nchi yake. Mwezi Juni mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yalikuja kwa meli kutoka Kisumu, yakaushambulia mji kwa siku mbili na kuibomoa ngome ya Wajerumani pamoja na mlingoti wao wa simu ya upepo. Nilipomweleza binti yangu hayo, alitazama maji yaliyotulia na kusema, "Kumbe kila kitu hapa kilikuja kwa meli." Nikamjibu kwamba ndivyo ilivyo miji ya bandari yote duniani: mema na mabaya huingilia mlango mmoja.

Kutoka Bunena tulitembea ufukweni hadi mjini. Ukifika Bukoba usiache kuingia Kanisa Kuu, uwe Mkristo au la. Humo amelazwa Mwadhama Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kufanywa Kardinali katika nyakati zetu. Alifariki mwaka 1997, na mwaka 2012 mabaki yake yaliletwa na kuzikwa upya katika kanisa hilo. Tulikaa kwenye benchi la nyuma kwa heshima. Binti yangu alilisoma jina lile polepole, kisha akaninong'oneza, "Huyu ameandikwa kwenye jiwe." Nilijua anamfikiria nani.

Mji wenyewe umepata majonzi yake. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilibomoa nyumba nyingi na kuua watu wasiopungua 17. Kwa mgeni wa siku moja si rahisi kuona makovu hayo. Lakini mama muuza ndizi sokoni, tulipomwuliza, alitwambia mahali alipokuwa amesimama, alichokuwa ameshika mkononi, na majirani aliokimbilia kwanza. Laiti tusingeuliza, tungeondoka tukidhani Bukoba ni migomba na samaki tu.

Hapo ndipo nilipowakumbuka wasafiri wa meli kubwa za starehe za Ulaya. Meli hizo hutia nanga mjini asubuhi, zikamwaga watu kwa maelfu mitaani, wakapiga picha, wakanunua vikombe na kofia, na jioni wakaondoka. Huko Venice, nchini Italia, msongamano na hatari zake ulizidi, hata mwaka 2021 serikali ikazizuia meli kubwa kupita katikati ya mji. Mtu aweza kuona miji kumi kwa namna hiyo asijue hata mmoja. Sisi tulikuwa na saa chache zaidi ya wao, na fedha chache mno. Lakini tulikuwa na swali la kuuliza, na mwenye swali hupewa kiti.

Kiti hicho tulipewa alasiri, karibu na bandari. Baada ya kula ndizi zilizopikwa kwa maharage, tulimkuta mzee mmoja amekaa kivulini, ambaye enzi za nguvu zake alikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini. Tulimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba, karibuni." Nilimweleza tunakotoka na sababu ya kuja kwetu. Alikaa kimya kwa muda mrefu.

"Jioni ile nilikuwapo," alisema hatimaye. "Nilibeba mikungu ya ndizi mpaka mabega yakachubuka. Watu walikuwa wengi. Wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha yao. Wa daraja la tatu walikata tiketi wakapanda, basi. Ndugu yako alipanda daraja gani?"

"La tatu," nilimjibu.

Akatikisa kichwa. "Basi, mwanangu, usiendelee kulitafuta jina lake kwenye karatasi. Hakuna karatasi. Ndiyo sababu mpaka leo hakuna awezaye kutaja idadi kamili ya waliokufa."

Ndugu msomaji, nilikuwa nimekwisha kusoma habari hiyo magazetini. Lakini kuisikia kutoka kinywani mwa mtu aliyebeba mizigo jioni ile ni jambo jingine. Binti yangu alimwuliza, "Babu, jioni ile kulikuwaje? Mvua ilinyesha?"

Mzee akamtazama kwa namna ambayo sitaisahau. "Watu walikuwa wakicheka, mjukuu wangu," alisema. "Vijana waliofanya biashara wakacheka kuliko wote. Walikuwa wanarudi nyumbani na kitu." Kisha akatoa mfukoni kifurushi kidogo cha kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo Wahaya humkaribishia mgeni. "Mpelekee bibi yako. Mwambie Bukoba humpa mgeni kahawa, na mwanawe bila shaka aliipata."

Usiku tulipanda meli kurudi. Safari hii nililala.

Tulipofika nyumbani, mama alikuwa amekaa mlangoni. "Mwangaluka," tulimwamkia kwa lugha yetu, naye akaitika huku akimshika mjukuu wake mabega kana kwamba anamhesabu. Kazi ya kusimulia niliiacha kwa binti yangu, naye aliifanya vizuri kuniliko. Alieleza migomba iliyoshuka hadi majini, kisiwa cha mawe, kanisa, tetemeko, ndizi na maharage. Alieleza vijana waliocheka. Kuhusu jina nilisema mimi, kwa kuwa si haki kumtwisha mtoto habari kama hiyo. Nilimwambia mama kweli: halikuandikwa.

Aliipokea kahawa, akaweka buni moja kinywani, akatafuna taratibu huku akikunja uso kwa ule uchungu wake asioujua. "Kwa hiyo alikuwa mahali pazuri," alisema. "Na alikuwa anacheka."

Meli hajapanda, wala sitamlazimisha. Lakini tarehe 21 Mei ya mwaka uliofuata aliomba tumpeleke Igoma, mahali ambapo kwa miaka 25 alikataa hata kupataja. Alisimama kati ya makaburi akalitamka jina la mwanawe kwa sauti, mara moja, mbele ya wajukuu zake. Kama halikuandikwa, basi limesikika.

Nawe, ndugu msomaji, ukiwa na likizo na nauli, nenda. Tangu mwezi Juni mwaka 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa, na basi laweza kukufikisha Bukoba pasipo kungoja kivuko. Lakini kama meli ipo na hali ya hewa ni njema, wape watoto usiku mmoja majini. Usikubali kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi, hata kama mwenzako anakwambia utachelewa. Hakikisha jina lako limeandikwa, na la mtoto wako, na la mzigo wako liwe la mwisho. Ukifika mji wa watu, amkia, panda kilimani, uliza, kaa chini usikilize.

Kisha rudi nyumbani ukasimulie. Msafiri hajamaliza safari mpaka aliyebaki nyumbani awe ameisikia.